Uhasibu wa ng'ambo: jinsi ya kuufanya uhesabike ukirudi Nairobi

Mimi ni meneja wa fedha katika kiwanda cha vifungashio huku Industrial Area, na tunapotafuta mhasibu, mara nyingi ni mimi ninayekaa upande wa wanaouliza maswali. Kabla ya hapo nilifanya kazi Dubai, katika kampuni ya ujenzi. Kwa hiyo wasifu wenye Dubai, Doha, Leicester au Houston ukifika mezani kwangu, nausoma taratibu na kwa moyo mweupe. Wengi wanaouandika ni wahasibu wazuri sana. Kinachowaangusha ni kwamba wameandika nchi, hawakuandika kazi.

Shika hilo kabla ya mengine yote. Mwajiri wa Nairobi halipii jina la mji ulioishi. Ana maswali mawili: ni kazi gani umeifanya kwa mikono yako ambayo hapa hatuna mtu wa kuifanya? Na tarehe 9 ya mwezi ikifika, utawasilisha PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi, bila kushikwa mkono? Ukimjibu yote mawili, miaka yako ya ng'ambo inakupandisha ngazi. Ukijibu la kwanza tu, utasifiwa na kazi atapewa aliyebaki nyumbani. Nimeliona hilo likitokea na linaniuma, kwa sababu pengo lenyewe huzibika kwa miezi michache.

Usiache vyeti na madeni vikusubiri

Tuanze na ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya. Mtu anapanda ndege, anaacha kulipa ada ya mwaka, anasema nitalipa nikirudi. Halafu anarudi na kukuta karibu kila tangazo la kazi ya maana linataka mwanachama mwenye barua ya chama inayothibitisha kwamba hana dosari. Lipa ada kila mwaka hata ukiwa mbali. Saa za mafunzo endelevu nazo zihesabu kila mwaka. Mafunzo uliyopewa na mwajiri wa ng'ambo yanaweza kusaidia, mradi una cheti chenye tarehe na idadi ya saa. Viweke vyote kwenye faili moja tangu siku ya kwanza.

Kama sifa yako ya uhasibu ni ya nje, yaani ACCA au ICAEW za Uingereza, au CPA ya jimbo la Marekani, usidhani utaingia moja kwa moja. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 ndiyo inayoeleza nani aandikishwe, na chama kinaweza kukutaka uthibitishe kwamba unazifahamu sheria na kodi za Kenya. Peleka maombi ungali huko. Na ukitaka siku moja utie saini ripoti ya ukaguzi kwa jina lako, jua kwamba uanachama pekee hautoshi. Kuna leseni ya kutoa huduma kwa umma, nayo ina masharti yake ya uzoefu.

Halafu kuna HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Ukisomea chuo kikuu kwa mkopo ukaondoka bila kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na mwezi haungoji mtu arudi. Ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, vilevile. Mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, hata kama ritani ni ya sufuri, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Iko kwenye iTax, tovuti ya KRA, unaifanya ukiwa kitandani Sharjah. Na usitangaze sufuri kabla ya kujua hali yako ya ukaazi, maana Mkenya mwenye makao ya kudumu hapa anaweza kuhesabiwa mkaazi wa kodi kwa siku chache tu alizokuja kusalimia, na mkaazi hutozwa kodi hata kwa mshahara alioupata nje.

Ukilenga kazi ya serikali kuu, kaunti au shirika la umma, utaombwa vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba: KRA, HELB, DCI (upelelezi wa jinai), EACC (tume ya kupambana na rushwa) na ofisi ya taarifa za mikopo. Hapo ndipo mambo madogo ya miaka mingi hujitokeza yote kwa wiki moja.

Kila nchi inakupa kitu tofauti

Waliotoka Ghuba wana nguvu moja kubwa ambayo wenyewe hawaitaji: kampuni nyingi kubwa kule hutumia IFRS, viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, vilevile ambavyo Kenya ilivichukua mwaka 1999. Mtu aliyefanya mapato ya mikataba ya ujenzi kwa IFRS 15 kule atayafanya hapa bila kubadilisha hata neno. Aliyekokotoa kiinua mgongo cha wafanyakazi kwa sheria ya Emirati, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, ameshagusa IAS 19, kiwango cha mafao ya wafanyakazi, na kampuni za hapa zenye mikataba ya vyama vya wafanyakazi zina hesabu za aina hiyo.

Udhaifu wao ni kodi. Mshahara wa Ghuba haukatwi kodi ya mapato, kwa hiyo mtu anaweza kushika mishahara ya watu mia nane kwa miaka mingi na asiwahi kukokotoa PAYE hata mara moja. Kodi ya mapato ya kampuni Emirati, asilimia 9, imeanza na miaka ya fedha ya kuanzia Juni 2023. Kabla ya hapo kampuni nyingi hazikuwa nayo kabisa, na kodi iliyoahirishwa, ile inayoandikwa sasa ila hulipwa miaka ijayo, ilikuwa kitu cha kwenye vitabu vya mtihani. Nikimhoji mtu wa Ghuba huwa namwomba anikokotolee kodi iliyoahirishwa ya mtambo mmoja tu. Jibu lake hunionyesha kama amejiandaa.

Lakini VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni habari nyingine. Emirati na Saudia ziliianza siku moja, 1 Januari 2018, kwa asilimia 5, na Saudia ikaipandisha hadi asilimia 15 mwezi Julai 2020. Nilikuwa Dubai wakati huo. Kampuni ambayo haijawahi kutoza kodi ya mauzo ilibidi ijifunze yote kwa miezi: kukusanya namba za usajili za kila msambazaji, kugawa mikataba iliyokatizwa na tarehe ile, kuamua malipo ya awali yaliyopokelewa Desemba kwa kazi ya Februari yanatozwa vipi, na zile fedha ambazo mwenye jengo huzizuia hadi kazi ikabidhiwe zinatozwa lini. Tulikuwa tukitoka ofisini usiku, na wakati huo niliiona kama adha ya kazi.

Niliporudi Nairobi, kazi hiyo ndiyo iliyonipa kiti nilicho nacho. KRA ilikuwa inaleta eTIMS, mfumo ambao kila ankara hupitia kwa mamlaka, na tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi. Kiwanda kina wasambazaji wakubwa wenye mifumo, na kina mwenye lori moja, fundi wa boila na mama anayelisha wafanyakazi mchana. Wote walitakiwa watoe ankara za aina hiyo. Mkurugenzi aliyenihoji aliruka yote niliyoandika kuhusu Dubai akasimama kwenye sentensi moja: kwamba nilisimamia usajili wa wasambazaji na kuunganisha mfumo wa ankara VAT ilipoanza. Mahojiano yaliyobaki yote yalihusu sentensi hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza: tafuta ndani ya miaka yako ile kazi ambayo Kenya inaihitaji sasa hivi. Huenda ni kuhamisha hesabu kutoka mfumo mmoja kwenda programu kubwa za kampuni kama SAP au Oracle, kuunganisha hesabu za kampuni tanzu za nchi tano, kukadiria hasara ya mikopo kwa IFRS 9, au kuandaa ripoti za wafadhili. Hiyo ndiyo inayokubeba.

Waliotoka Marekani wana kazi ya ziada, kwa sababu US GAAP, kanuni za uhasibu za kule, na IFRS zinaachana mahali ambapo hapa panauma. Kiwanja cha Mombasa Road kilichonunuliwa zamani, hapa kampuni inaweza kumwita mthamini ikakiandika upya kwa thamani ya sasa. Marekani hairuhusu. Kule mtu anaweza kuhesabu bidhaa kana kwamba mzigo ulioingia mwisho ndio uliotoka kwanza, ila IAS 2 imepiga marufuku njia hiyo. Gharama za kutengeneza bidhaa mpya, IAS 38 inaziweka kwenye mizania zikitimiza masharti, kule nyingi huenda moja kwa moja kwenye matumizi. Thamani ya mtambo iliyoshushwa hapa inaweza kurudishwa hali ikiwa nzuri, kule hapana kwa mtambo unaoendelea kutumika. Na upangaji wa ofisi au magari chini ya IFRS 16, kwa mpangaji, una njia moja, wakati kule wamebaki na aina mbili. Ukinieleza tofauti hizo kwa mifano ya kampuni yako, nitajua una akili ya kuhama. Faida yako kubwa ni udhibiti wa ndani: sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 imekufundisha kuandika kila hatua, kuijaribu na kuweka ushahidi, na benki za hapa, kampuni zilizo kwenye soko la hisa na matawi ya kampuni za Marekani wanatafuta mtu kama wewe.

Uingereza iko karibu zaidi na sisi. PAYE wanayo, VAT wanayo, na FRS 102, kiwango chao cha hesabu, imejengwa juu ya IFRS ya kampuni ndogo. Aliyetoka huko hujifunza viwango na tarehe tu, si dhana.

Sehemu moja inaniogopesha kwa vijana wetu, na haihusu nchi. Ni ofisi kubwa za huduma za pamoja ambako mtu hupewa meza moja, tuseme malipo ya wasambazaji wa herufi A hadi F, akakaa hapo. Mshahara ni mzuri, cheo kinasikika vizuri, na baada ya miaka minne hajawahi kufunga hesabu za mwezi mzima. Nairobi, hasa kampuni za kati, mhasibu mmoja hushika benki, stoo, mishahara, kodi na wakaguzi. Ukiwa kwenye meza nyembamba, omba kuhamishwa. Omba kumshikia mwenzako akienda likizo. Omba ukae kwenye kikao cha kufunga mwezi hata kama ni kusikiliza. Usipofanya hivyo ukiwa huko, hakuna wa kukufanyia ukirudi.

Kuziba pengo la kodi za Kenya

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Jifunze mwezi wa Kenya ulivyo. Tarehe 9: PAYE, NSSF ya pensheni, SHIF ya bima ya afya ya asilimia 2.75 ya mshahara, na tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mfanyakazi na 1.5 ya mwajiri. Tarehe 20: VAT ya asilimia 16. Kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo ya mtu na kuipeleka KRA, kwa mfano asilimia 5 ya malipo ya mwanasheria au mshauri mkaazi, hulipwa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukatwa, na hii huwashinda waliozoea kungoja mwisho wa mwezi. Kuna pia asilimia 2 ya VAT ambayo wateja walioteuliwa na KRA huizuia na kuilipa kwa niaba yako. Usipoifuatilia, fedha ya kampuni inalala kule. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, hulipwa kwa awamu nne, tarehe 20 ya mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili wa mwaka wa fedha.

Kuzikariri hakutoshi. Tafuta biashara ndogo ya mtu unayemwamini, duka la vipuri la shemeji au kliniki ya rafiki, umwombe ruhusa ushike hesabu zake ukiwa bado ng'ambo. Angalau robo mwaka. Utakutana na iTax inayokwama usiku wa mwisho, na ankara ambazo msambazaji aliandika PIN isiyo yako. Utakutana pia na Paybill, namba ya M-Pesa ambayo wateja hulipia biashara, na hapa nakuomba usidharau. Fedha nyingi za biashara za Nairobi huingia kwa M-Pesa, na kulinganisha taarifa ya Paybill na daftari la wateja ni ustadi kamili: mteja ameandika jina la mtoto wake mahali pa namba ya ankara, mwingine ametuma akaomba muamala urudishwe, wa tatu amelipa ankara tatu kwa mkupuo mmoja. Mhasibu aliyetoka kwenye ofisi ambapo kila malipo huja na kumbukumbu safi ya benki huchanganyikiwa wiki ya kwanza. Wewe ukisema kwenye mahojiano kwamba umeshalinganisha Paybill ya duka kwa miezi mitatu, nakuhakikishia watu mezani watainua vichwa.

Wasifu na wadhamini

Usiandike: "Nilihusika na shughuli za fedha katika kampuni ya kimataifa, Abu Dhabi." Andika: "Nilifunga hesabu za kila mwezi za kampuni tatu tanzu kwa IFRS, nikaziunganisha kwenye SAP, na kujibu maswali ya wakaguzi wa nje mwenyewe." Taja viwango, mifumo, ukubwa wa kampuni kwa dola au shilingi, na watu waliokuwa chini yako. Dirhamu haimwambii chochote msomaji wa Upper Hill. Mstari wa chini yake uandike ulichofanya upande wa Kenya: ritani ulizowasilisha, semina ya kodi uliyohudhuria, hali yako ICPAK.

Nyaraka za wateja au mafaili ya kampuni usiyabebe. Ni mali yao, na mhasibu anayenionyesha bajeti ya mwajiri wake wa zamani ameshaniambia atakavyofanya na yangu. Kazi yako ieleze kwa mdomo na kwa barua za wadhamini.

Barua hizo ziombe kwa msimamizi aliyekuona ukifanya kazi. Idara za wafanyakazi za kampuni nyingi za Uingereza na Marekani hujibu tarehe za kuanza na kuacha pekee, basi. Ghuba nako watu huhama sana, na meneja wako wa leo mwakani atakuwa Riyadh au Kochi. Chukua anwani yake ya binafsi, na mwombe aandike ile kazi mahususi, si sifa za tabia yako.

Mazungumzo ya mshahara

Usizidishe dirhamu kwa kiwango cha leo ukaleta jibu hilo mezani. Kule hukukatwa kodi, na huenda nyumba na tiketi ya likizo vililipwa. Hapa kuna NSSF, SHIF, tozo ya nyumba, kisha PAYE inayopanda kutoka asilimia 10 hadi 35. Kokotoa mwenyewe mshahara utakaobaki mkononi kabla ya kwenda, kisha taja kiasi cha kabla ya makato kwa shilingi. Uliza bima ya matibabu inawafikia wangapi nyumbani kwako, maana hiyo ni fedha kamili.

Je, ukubali cheo cha chini? Mimi ningekubali endapo kazi inanipa hesabu zote za kampuni na mlango wa kuongea na wakaguzi na KRA. Nisingekubali cheo cha chini kwenye meza nyembamba, hata iwe kwenye jengo la vioo Westlands. Huko utakuwa umehamisha tatizo lilelile kutoka Doha.

Kuhusu mahali pa kutafuta: makao ya kanda ya kampuni za kimataifa huthamini kuunganisha hesabu na udhibiti wa ndani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa Gigiri na sehemu kubwa ya sekta ya umma hutumia IPSAS, viwango vya hesabu vya sekta ya umma, kwa hiyo visome kabla ya kuomba. Mashirika ya misaada yalitikisika sana fedha za Marekani zilipokatwa 2025, na wahasibu wengi wenye uzoefu wa wafadhili wakaingia sokoni, jipange ukijua hivyo. Viwanda, wasambazaji wa dawa na SACCO kubwa watu huvisahau, na huko ndiko mtu mwenye mikono mipana hupanda haraka.

Mwezi wa kurudi nao una uzito. Kampuni nyingi hapa hufunga mwaka 31 Desemba. Wakaguzi huingia mwanzoni mwa mwaka, salio la kodi hulipwa mwisho wa Aprili na ritani ya kampuni 30 Juni. Ukiajiriwa Machi utakuta hakuna mwenye nafasi ya kukuonyesha hata faili liko wapi. Ukiingia Oktoba unapata wiki kadhaa za kujua mfumo, wasambazaji na Paybill, kisha unasimamia hesabu ya stoo ya mwisho wa mwaka na kukutana na wakaguzi ukiwa unajua majibu. Kama mkataba wako unakuachia uchague, toa notisi Julai, ukiwa umeshapokea barua za wadhamini.